Kuhesabu Viota Kutoka Angani: Mwongozo kwa Wakazi wa Nyakiriba na Majirani

Chukua kikombe cha maharage makavu na ungo. Mpe mtu mwingine kikombe, wewe geuka utazame ukuta. Amwage maharage kiasi anachotaka yeye, ayatawanye, kisha akuambie ugeuke. Yatazame kwa sekunde tano tu, halafu afunike ungo kwa kanga. Sema: yalikuwa mangapi?

Nilifanya zoezi hili nyumbani Nyakiriba na binti yangu anayesoma darasa la tano. Mara ya kwanza nilisema 60. Tulipoyahesabu mojamoja yalikuwa 94. Mara ya pili nikasema 110, yakawa 163. Binti yangu naye alikosea, lakini tulikosea upande uleule: chini. Si sisi wawili tu. Jicho la binadamu likikutana na kundi kubwa hulipunguza, na kadiri kundi linavyokuwa kubwa ndivyo pengo kati ya kilichoonekana na kilichopo linavyopanuka. Mtu aliyeketi kwenye ndege ndogo inayopita juu ya mazalio ya ndege yumo katika hali hiyohiyo, ila ungo wake unakimbia chini yake kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na maharage yana mabawa.

Ninaandika haya kwa sababu hapa Rwanda tumekuwa na sensa ya kitaifa ya korongo wa taji, yule tunayemwita umusambi, inayochanganya watu wanaotembea ardhini na watu wanaotazama kutoka angani. Matokeo yakitangazwa redioni, wengi wetu husikia namba moja, tukaisifu au tukaitilia shaka, bila kujua ilivyopatikana. Anayejua inavyopatikana anaweza kuisaidia iwe sahihi zaidi, hata kama hatapanda ndege maisha yake yote.

Kwa nini angani

Ndege wengi wanaotaga kwa makundi huchagua mahali ambapo mguu wa binadamu na wa mnyama mla nyama haufiki kirahisi. Hiyo ndiyo kinga ya mayai yao. Kinga hiyohiyo humzuia hata anayekuja kwa nia njema akiwa na daftari na kalamu.

Mfano wa baharini ni Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo cha matumbawe kilicho peke yake kusini mashariki mwa Unguja. Ramani za kizungu hukiita Latham. Ni tambarare, hakina miti wala bandari, na mawimbi ya bahari kuu hukipiga kila upande. Ndege wakubwa weupe wenye uso mweusi hutaga pale chini, juu ya mchanga na mawe, pamoja na makundi ya buabua. Kufika kwa chombo kunategemea hali ya bahari. Kutua kunategemea bahati. Na ukishatua, kila hatua unayopiga inainua ndege kutoka kwenye yai, na yai lililoachwa wazi kwenye jua la ikweta haliwezi kuvumilia muda mrefu. Kisiwa kama hicho, kisicho na mti wa kuficha kitu, unaweza kukipiga picha nzima kutoka angani kwa dakika chache na kuondoka.

Mfano mkubwa zaidi katika ukanda wetu hauko baharini, uko Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Hapo ndipo heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanapozaliana kwa uhakika. Kwa miaka mingi wataalamu waliwaona heroe kwa maelfu kwenye maziwa ya Bonde la Ufa lakini hawakujua wanataga wapi. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa wa kilimo aliyekuwa akifanya kazi Kenya, aliruka kwa ndege juu ya Natron na kuwaona wakiwa kwenye viota katikati ya tope la magadi. Akataka kuwafikia kwa miguu. Ganda la juu la magadi lilibeba uzito wake kwa muda, kisha likapasuka, akawa anazama na kujikokota huku maji ya magadi yakiingia kwenye viatu. Alirudi akiwa na miguu iliyoungua vibaya, akalazwa hospitalini na kubandikwa ngozi mpya. Alichokiona kirahisi kutoka angani kilikaribia kumuua alipokitafuta kwa miguu.

Kiota cha heroe ni kichuguu cha tope chenye shimo dogo juu, na ndani yake yai moja. Ukiwa ufukweni huoni kitu isipokuwa mstari wa waridi unaotetemeka kwa joto. Ukiwa juu unaona vichuguu vimejipanga kama vitundu vya sega la nyuki. Maji yakipanda sana viota vinafunikwa. Yakishuka sana, fisi na mbweha wanaweza kuvifikia kwa miguu. Kwa hiyo kuhesabu viota pale ni pia kupima afya ya ziwa lenyewe.

Umusambi na duara lake

Sasa turudi nyumbani. Wilaya yetu ya Rubavu ni nchi ya miteremko, viazi na chai. Korongo wa taji wengi wa Rwanda wako kwingine, hasa kwenye kinamasi cha Rugezi kule kaskazini, kwenye bonde la Akanyaru mpakani na Burundi, na kwenye maziwa na vinamasi vya Akagera upande wa mashariki. Lakini umusambi haulizi mpaka wa wilaya. Huvuka mabonde akitafuta chakula kwenye mashamba yaliyovunwa, na sensa ya nchi nzima maana yake ni nchi nzima, pamoja na mahali ambapo hakuna aliyetarajia kumwona.

Mwaka 2012 ndege huyu aliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hapa kwetu aliumizwa na mambo mawili. La kwanza ni vinamasi kulimwa na kukaushwa. La pili ni uzuri wake: watu walimkamata akiwa kifaranga, wakamkata mabawa, wakamfuga kwenye bustani za nyumba na hoteli kama pambo. Ndege wa kufugwa namna hiyo ni nadra kuzaa. Shirika la RWCA, lililoanzishwa na daktari wa mifugo Olivier Nsengimana, lilishirikiana na serikali kuwaandikisha korongo waliofungiwa majumbani. Waliokuwa na afya wakapelekwa Akagera wakaachiwa, na wale ambao mabawa yao yaliharibika kabisa wakapewa makao Umusambi Village, pembezoni mwa Kigali.

Lakini utajuaje kama juhudi hizo zinazaa matunda? Mwaka 2017 ilifanyika sensa ya kwanza ya nchi nzima: wakapatikana 487. Mwaka 2021 wakawa 881. Mwaka 2024 wakafika 1,293. Namba hizo zina maana kwa sababu kazi imerudiwa mwaka baada ya mwaka.

Mzee mmoja jirani yangu aliniuliza tukiwa tumepumzika baada ya umuganda: "Mwalimu, mwaka jana waliwahesabu. Mwaka huu tena?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, wewe ng'ombe wako unawapima maziwa mara moja kwa mwaka?"

"Kila asubuhi."

"Kwa nini?"

Akafikiri kidogo. "Nijue lini yanapungua."

Sikuwa na la kuongeza.

Umusambi ana tabia mbili zinazofanya hesabu yake iwe na pande mbili. Wale wasiotaga, vijana na waliokosa makao, hutembea kwa makundi na jioni hulala juu ya miti. Korongo wa jamii hii ndio pekee duniani wanaoweza kukaa mtini, kwa sababu kidole chao cha nyuma ni kirefu kinachoweza kushika tawi. Kundi la namna hiyo mtu wa ardhini analihesabu vizuri sana likiingia kulala. Lakini wanaotaga hujitenga wawili wawili ndani ya kinamasi. Mmoja hulala juu ya mayai, kwa kawaida mawili au matatu, kwa karibu mwezi mzima, na mwenzake hutafuta chakula jirani. Ukiwa umesimama ukingoni mwa kinamasi, matete yamekuzidi kimo. Umusambi mwenye urefu wa mita moja anaweza kuwa hatua 40 mbele yako, ametulia, nawe usione hata unyoya.

Kutoka juu mambo hubadilika. Kabla ya kutaga, ndege hao hukanyaga na kung'oa matete wakatengeneza uwanja wa mviringo, na katikati wakarundika majani makavu. Katika kijani cha kinamasi, uwanja huo huonekana kama sahani ya rangi ya udongo, na juu yake doa la kijivu lenye nukta ya dhahabu. Akiinuka kuruka, sehemu nyeupe ya juu ya mabawa yake humeta kama shuka lililoanikwa. Ndiyo maana ndege yule ambaye chini anajificha kabisa, juu anajionyesha.

Kinachofanyika ndani ya ndege

Watu hudhani kazi ni kuruka huku na huku ukitazama dirishani. Kwa kweli ni kazi ya nidhamu kali. Rubani anapewa mistari ya kufuata, yenye nafasi sawa kati ya mmoja na mwingine, na anatakiwa ashikilie kimo kilekile. Katika hesabu za wanyama kwenye mbuga zetu, kimo cha kawaida ni karibu mita 100. Kwenye mhimili wa bawa hufungwa vijiti viwili. Mwangalizi huhesabu kile tu kinachopita kati ya vijiti, na kinachopita nje yake, hata kiwe kizuri namna gani, hakiandikwi. Ukijua kimo na nafasi ya vijiti unajua upana wa ukanda uliotazama, na kutoka hapo unaweza kukadiria eneo zima. Utaratibu huu ulielezwa kwa kina na Mike Norton-Griffiths katika kitabu kilichochapishwa Nairobi miaka ya 1970, na bado ndio msingi wa kazi nyingi za hesabu za angani Afrika Mashariki.

Kwa ndege wa mazalio, hata hivyo, utaratibu wa ukanda una mtego, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wanateleza. Nyumbu wametawanyika mbugani. Ukihesabu sehemu moja ya kumi ukazidisha kwa kumi, hutakuwa mbali na ukweli. Viota vya ndege wa makundi havitawanyiki hivyo. Vinaweza kuwa 8,000 kwenye pembe moja ya ziwa na sifuri kwenye ziwa zima lililobaki. Ukanda wako ukipita juu ya pembe ile, ukizidisha utapata ndege ambao hawako duniani. Ukiikosa, utaandika kwamba ndege wamekwisha. Kwa hiyo kwa mazalio hatua ni mbili: kwanza kutafuta lilipo kundi, kisha kulipiga picha lote, kila picha ikipanda kidogo juu ya mwenzake ili pasibaki ufa. Hesabu yenyewe hufanywa baadaye mezani, kwenye skrini, nukta kwa nukta.

Jua liwe nyuma ya mwangalizi. Akilitazama kwa mbele, mng'ao wa maji hufanya kila kitu kiwe cheusi, na korongo wa kijivu ndio wa kwanza kupotea. Upepo mkali huinamisha matete na kuficha viota, na huiyumbisha ndege kiasi kwamba kimo hakishikiki. Baada ya saa mbili macho huchoka. Mwangalizi mwaminifu husema nimechoka, na timu iliyopangwa vizuri hupumzika.

Tena kuna hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Januari 1959 Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard kwa ndege iliyopakwa milia kama punda milia, aligongana na tai angani akafa. Anayeruka chini juu ya ndege anaruka katika njia yao. Kila mpango wa hesabu ya angani uanze na swali la usalama wa watu wanaopanda, na uamuzi wa rubani wa kughairi safari usibishaniwe na mtu yeyote.

Kiota, ndege au jozi?

Ukisikia "ndege 600", uliza swali moja: walihesabiwa ndege au viota? Kiota kimoja chenye ndege juu yake ni jozi moja, maana mwenzake ameenda kula. Viota 300 vyenye ndege ni ndege wazima 600 wanaotaga, wala si wote walioko mahali pale, maana wapo vijana na wapo waliokosa wenza. Viota vilivyoachwa havihesabiwi pamoja na vyenye ndege; huandikwa kwenye safu yao. Na siku ya kuhesabu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukienda mapema, wengine hawajataga. Ukichelewa, waliopoteza mayai wameshaondoka, na vifaranga vya korongo, ambavyo hutembea siku chache tu baada ya kuanguliwa, vimeshaingia matete na wazazi wao. Siku bora ni katikati ya kulalia mayai, na siku hiyo huijui ukiwa Kigali. Unaijua kwa kuambiwa na mtu anayeishi jirani na kinamasi.

Sasa suala la wale ambao hawakuonekana. Kuna njia nyepesi ya kuwakadiria, na mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuifuata. Weka waangalizi wawili upande mmoja wa ndege, mmoja mbele na mwingine nyuma, wasisemezane. Tuseme wa mbele ameona viota 24. Wa nyuma ameona 20. Wakilinganisha ramani zao wanakuta viota 16 vimeonwa na wote wawili. Je, vipo vingapi? Wa nyuma alipata 16 kati ya 24 tunavyojua vilikuwepo, yaani theluthi mbili. Kama ameona theluthi mbili na ana 20 mkononi, basi jumla ni karibu 30. Waangalizi wote wawili kwa pamoja wameviona 28. Viwili viliwapita wote. Hesabu ile ni 24 mara 20, gawanya kwa 16. Jaribu na maharage kwenye ungo, wewe na mwenzako mkitia alama za rangi mbili tofauti, utaona inavyofanya kazi.

Lakini njia hiyo haitoi jibu kwa kiota kilichofunikwa na mti kiasi kwamba hakuna jicho la juu linaloweza kukiona. Hapo ndipo watu wa ardhini wanapokuwa kipimo cha watu wa angani. Mahali pachache penye njia ya kufikika, timu ya chini hutafuta kila kiota. Kisha ndege inapita. Kama chini walipata viota 10 na juu wakaona 7, tunajua jicho la angani kwenye aina ile ya kinamasi hukosa viota 3 katika kila 10, na tunaweza kurekebisha hesabu ya mahali pasipofikika. Bila vile 10 vya ardhini, vile 7 vya angani ni nusu ya habari. Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike: ndege inayopaa haiondoi umuhimu wa mtu wa kijijini, inauongeza.

Droni

Mwaka 2018 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya jaribio ambalo nalipenda kwa uwazi wake. Walipanga ufukweni maelfu ya bata wa plastiki, idadi wanayoijua wao peke yao, wakawaita wataalamu wa ndege wahesabu kwa darubini kutoka chini, kisha wakarusha droni na kuhesabu kwenye picha. Hesabu za droni zilikuwa sahihi zaidi kwa kati ya asilimia 43 na 96. Mwaka huohuo watafiti wengine walieleza jinsi madoa ya kinyesi yaliyoonekana kwenye picha za setilaiti yalivyowaongoza hadi visiwa vya Danger, Antaktika, ambako kwa droni na kwa miguu walihesabu jozi 751,527 za pengwini wa aina ya Adélie mahali ambapo hakuna aliyedhani wako wengi hivyo.

Kwa hiyo kijana mwenye droni ya harusi atauliza: kwa nini nisiende mwenyewe? Nina majibu mawili, na yote nayasema kwa uzito.

Kwanza, sheria. Hapa Rwanda kurusha droni kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, RCAA. Sisi wa Rubavu tuko jirani kabisa na mpaka wa Kongo, na mji wa Goma una uwanja wake wa ndege ng'ambo ya mpaka. Droni isiyo na kibali hapa si mchezo. Inaweza kuhatarisha ndege zenye watu na kukuingiza kwenye matatizo makubwa ya usalama.

Pili, ndege wenyewe. Droni ndogo inayoshuka kutoka juu hufanana sana na mwewe. Korongo akiinua kichwa na kukikaza, amekuona. Akisimama juu ya kiota, umekaribia mno. Akitembea kuondoka huku akitandaza mabawa, umeshafanya madhara, na kunguru aliyekuwa akitazama kwenye mkaratusi ameona njia. Wataalamu huanzia juu na mbali, hawashuki wima juu ya kiota, na huondoka mara ishara ya kwanza inapoonekana, hata kama picha haijapatikana. Kiota kilichokosekana kwenye hesabu ni hasara ndogo. Kiota kilichopotea kwa sababu ya hesabu ni aibu.

Unachoweza kufanya ukiwa Nyakiriba

Sisi tumepewa kitu ambacho watu wa nchi tambarare hukilipia mafuta ya ndege: milima. Ukisimama juu ya mteremko wetu asubuhi ukungu ukishapanda, unatazama chini kwenye bonde kama mwangalizi aliye dirishani. Matete yaliyomzidi kimo mtu wa bondeni, wewe unayaona kwa juu. Chagua mahali pamoja, papo hapo kila mara. Chagua saa moja, tuseme saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na muda mmoja, tuseme nusu saa. Anza kushoto, malizia kulia, usirudi nyuma. Ukirudi nyuma utahesabu ndege mmoja mara mbili na hutajua.

Kundi likiwa dogo hesabu mojamoja. Likiwa kubwa, hesabu kumi wa kwanza kwa uangalifu, tazama wamechukua nafasi gani kwenye macho yako, kisha pima kundi lililobaki kwa kipande hicho: kumi, ishirini, thelathini. Zoezi la maharage litakunyoosha. Binti yangu baada ya wiki mbili alikuwa anakosea kwa chini ya moja ya kumi, na mimi nilikuwa bado namfuata. Simu yenye kamera ni msaada mkubwa kwa kundi lililotulia: piga picha, hesabu jioni ukiwa umeketi.

Usimtazame umusambi peke yake. Yangeyange na minandi hutaga kwa makundi mitini, na mti mmoja mkubwa wenye viota ni mazalio kamili ambayo mtu yeyote anaweza kuyafuatilia mwaka hadi mwaka kutoka ng'ambo ya bonde. Chora mti, tia alama kila kiota, andika kipi kina ndege na kipi kitupu. Ukisikia mti huo umepangwa kukatwa, zungumza na viongozi wa kijiji mapema uombe wasubiri vifaranga waruke.

Ukigundua kiota cha umusambi, rudi nyuma kwa njia uliyojia. Usisafishe matete ili uone vizuri, usiguse yai, usilete kundi la watoto kuonyeshwa. Usiweke picha yenye mahali kwenye mitandao, maana wanaotafuta vifaranga wa kuuza wana simu kama wewe. Toa taarifa kwa viongozi wa seli au sekta, au kwa RWCA au Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Kifaranga ukimkuta peke yake kwenye majani, kwa kawaida hajaachwa. Wazazi wamejitenga kwa sababu umefika wewe. Ondoka. Na ukijua nyumba ambako umusambi anafugwa bustanini, toa taarifa hiyo pia, bila ugomvi na jirani: wengi walimrithi au walimnunua zamani bila kujua kosa, na njia ya kumrejesha ipo.

Siku ndege ya sensa ikipita chini juu ya bonde, usiipungie kwa vitambaa wala usipige kelele kuwaamsha ndege "ili waonekane". Ndege aliyerushwa na kelele huhesabiwa upande mmoja na kisha upande wa pili. Waache watulie. Baadaye timu ya ardhini ikifika kijijini, ndipo daftari lako litakapokuwa na thamani, hasa kama lina tarehe.

Kila mstari wa daftari uwe na haya: tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, mahali uliposimama, hali ya hewa, aina ya ndege, idadi, kama umehesabu mojamoja au kwa makumi, viota vyenye ndege, viota vitupu, vifaranga, na kitu chochote kilichowasumbua: mbwa, wavuvi, moto wa matete, mafuriko. Aina usiyoijua usiibunie jina. Eleza rangi na ukubwa wake.

Na siku ambayo umesimama nusu saa nzima hukuona hata mmoja, usiache mstari wazi. Andika tarehe, saa na mahali, kisha andika 0. Mstari ulio wazi husomeka kama hukwenda.